Dramu la wino lilivyokuwa linakula masikio yetu

Kuna siku jioni mke wangu aliniambia neno ambalo limenikaa kifuani mpaka leo, eti nikirudi kazini huwa naongea kama nagombana. Sikuwa na habari kabisa. Yeye alidhani nakuja na hasira za kazini, watoto nao wameanza kunikwepa, kumbe mi sauti yangu mwenyewe naisikia ndogo ndo maana naipaza, na usiku nikilala kuna mlio mwembamba sikioni kama wa mbu asiyeondoka. Nimeamua kuandika kwasababu najua Dar hii tupo wengi, wa viwanda vya wino, vya rangi, vya mashine za kusaga za kila aina, na hakuna anayetuambia.

Mi ni fundi kwenye kiwanda cha wino huku upande wa Barabara ya Nyerere, mwaka wa tisa sasa. Sio wino wa peni, ni ule wa kuchapia maboksi, mifuko ya unga, lebo za maji. Watu wengi hawajui kwamba wino unasagwa. Unachukua rangi ya unga, vanishi na thina, unakoroga kwenye mikisa, lakini ule unga unabaki na vibonge ambavyo kwa jicho huvioni na lazima vivunjwe mpaka vifike maikroni chache, yaani sehemu chache za elfu za milimita, la sivyo ukichapa boksi linatoka na madoa. Sisi tunazo mashine tatu za kufanya hiyo kazi, kuna dramu la gololi za chuma ambalo linazunguka usiku kucha, kuna mashine ya roli tatu kwa ule wino mzito, na kuna ile ya shanga ndogo ngumu kama mchanga mkubwa, zinazungushwa kwa kasi ndani ya silinda huku wino unasukumwa na pampu kupita katikati yake. Zote zipo banda moja la mabati. Mabati juu, mabati pembeni, sakafu ya zege, yaani kelele ikitoka haina pa kwenda inarudi kwako.

Na tuna mzee wetu pale, simtaji, ambaye amelilea lile dramu zaidi ya miaka 20. Ukimwita kwa nyuma hageuki. Vijana wakawa wanasema mzee anaringa, na mimi nilisikia wakisema hivyo nikanyamaza, jambo ambalo naona aibu nalo sasa, maana mzee haringi, mzee hasikii.

Nilichokuja kujifunza ni kwamba ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti, kelele ikizidi kwa muda mrefu vinakufa na vikifa havioti tena, hakuna dawa, hakuna kuotesha. Vinavyotangulia kuumia ni vile vya sauti nyembamba, ndo maana mtu anasikia kwamba unaongea ila hashiki maneno, hasa ya mtoto. Kiwango ambacho wataalamu wengi wanakitumia ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa masaa 8. Sasa hapa ndo wengi tunapotea, desibeli haziendi kama kilo za sukari, ukiongeza 3 tu nguvu ya kelele inakuwa mara mbili, kwahiyo kwenye 88 masaa yako salama yanabaki 4, kwenye 91 yanabaki 2, kwenye 94 ni saa moja tu. Kama huna kipimo simama na mwenzako umbali wa mkono mmoja, ikibidi mpige kelele ndo msikilizane basi mmeshavuka au mko mlangoni.

Halafu kuna hili la thina, hili ndo liliniogopesha zaidi. Baadhi ya vimiminika tunavyotumia, kama toluini, mvuke wake wenyewe unaharibu usikivu, na ukikutana na kelele madhara yanazidi yale ya kila kimoja peke yake. Kwahiyo mtu wa wino anapigwa pande mbili, puani na sikioni, na feni ya kutoa hewa kwenye banda inalinda masikio pia, sio mapafu tu.

Sasa turudi kwenye mashine. Kazini kwetu mtu akilalamika kelele jibu lilikuwa moja, ziba masikio, wengine wanachana kitambaa wanasokomeza, wengine pamba ya dukani, ambayo haizuii kitu cha maana. Mi nikaanza kuuliza swali lingine, hii kelele inatoka wapi hasa? Jumapili moja hakuna uzalishaji nikaomba niingie, nikawa nawasha mashine moja moja na simu mkononi ina programu ya kupima sauti. Simu sio kipimo cha kupeleka kwa mkaguzi lakini ukiiweka palepale kila mara inatosha kulinganisha. Dramu peke yake 97. Roli tatu 88. Ya shanga 86. Nikawasha zote kwa pamoja, ikaja karibu 98. Niliangalia ile namba muda mrefu kwasababu maana yake ningehangaika mwezi mzima na zile mbili, hata nizizime kabisa, kwenye banda nisingesikia tofauti. Shida yetu ilikuwa na jina, ni dramu.

Dramu la gololi linafanya kazi hivi, likizunguka gololi zinapandishwa na ukuta mpaka juu kidogo kisha zinaporomoka juu ya zenzake kama mawe kwenye mteremko, na kusaga kunatokea katika ule mporomoko. Ukizidisha kasi gololi haziporomoki tena, zinarushwa, zinavuka hewani na kugonga ukuta wa upande wa pili chuma kwa chuma. Ukizidisha zaidi zinaganda ukutani zinazunguka na dramu bila kusaga chochote. Kwa dramu la kipenyo cha mita 1 hiyo kasi ya kuganda ni kama mizunguko 42 kwa dakika, na inatakiwa ukae karibu na theluthi mbili yake, yaani 27 au 28 hivi. Nikachora alama ya chaki kwenye dramu letu, la mita moja, nikahesabu kwa saa ya simu. 36.

Nikamfuata mzee, nikakaa upande wa sikio lake zuri nikamuuliza, mzee hili dramu lilikuwa linalia hivi toka zamani? Akacheka akasema, "Mwanangu, zamani lilikuwa linakoroma, sio kupiga mayowe. Toka ile mota iungue." Kumbe miaka ya nyuma mota ya mwanzo iliungua, ilikuwa ya mizunguko 960, wakafunga ya 1,450 kwasababu ndo ilipatikana haraka, puli, lile gurudumu la mkanda, wakapunguza kwa kukadiria na hakuna aliyerudi kuhesabu. Miaka yote hiyo gololi zinatwanga ukuta. Na wino ukawa hausagiki vizuri, kila mara geji ya kupimia usagaji inaonyesha chembe, tunaongeza masaa, tukiongeza masaa kelele nazo zinaongezeka, na tulikuwa tunailaumu rangi ya unga.

Puli ya kwenye mota ilikuwa inchi 8. Nikaenda eneo la Gerezani hapa Dar kwa fundi wa mashine ya kukereza akanitengenezea ya inchi 6, mkanda tukasogeza, dramu likashuka mpaka 27. Jamani. Lile banda lilibadilika sauti, mtu wa stoo alikuja kuangalia akidhani umeme umekatika nusu. Simu ikasoma 91 kwa dramu peke yake, na wino uliokuwa unakaa masaa 20 ukatoka msafi kwenye 16. Hapo ndo bosi alianza kunisikiliza, na sikuona vibaya, ukitaka kumweleza mwenye kiwanda habari ya kelele anza na masaa ya mashine na bili ya umeme, masikio ya watu atayaelewa akishakaa.

Kitu cha pili kwenye dramu ni ujazo. Oda ikiwa ndogo vijana walikuwa wanaweka wino kidogo, gololi zinabaki kavu juu, zinagongana zenyewe, kelele inapanda na gololi zinakwisha na ule unga wa chuma unaingia kwenye wino, rangi ya njano inakuwa chafu. Wino unatakiwa uzifunike gololi kidogo kupita. Sasa oda ndogo hatuweki dramuni, zinaenda kwenye roli.

Hiyo ya roli tatu yenyewe ikilia mara nyingi ni gia au beringi, roli zinazunguka kwa kasi tofauti kwahiyo gia zinafanya kazi kubwa, grisi ikikauka unasikia. Mi natumia njia ya mafundi wa magari, bisibisi ndefu, ncha kwenye nyumba ya beringi na mpini karibu na sikio, mbali na kinachozunguka, beringi nzima inavuma laini na mbovu inakwaruza kama ina mchanga. Na msiziache roli zizunguke zimebanwa bila wino, zinapiga kelele na zinajila. Ya shanga tulikaza bolti za sakafuni, mbili zilikuwa zinacheza, tukaweka mpira mnene chini ya miguu, na lile bati la kufunika mkanda lilikuwa linatetema lenyewe kama ngoma, kipande cha raba kati ya bati na fremu kimemaliza.

Sasa kuhusu trei za mayai na magodoro. Kuna mtu alishauri tuzibandike ukutani kama studio za uswahilini, na naomba sana, kwenye kiwanda cha wino msifanye hivyo. Kwanza sponji haizuii sauti kupita, inapunguza mwangwi tu kidogo, kinachozuia ni uzito, tofali, mbao nene, bati lenye kitu kizito nyuma, tena bila mianya, maana tundu dogo tu linapitisha sehemu kubwa ya kelele. Pili na kubwa zaidi, mvuke wa thina unashika moto, cheche moja na sponji ukutani hakuna atakayetoka. Kama mnajenga chumba cha mashine tumieni ile pamba ya mawe isiyoungua, na muweke njia ya hewa, mota isichemke na mvuke usijikusanye humo ndani.

Viziba masikio bado tunavaa, 91 sio salama. Vile vya sponji vinatakiwa uvisokote viwe vyembamba kwa mikono safi, mkono wa upande wa pili unavuta sikio juu na nyuma, unaingiza, unashikilia kwa kidole kama nusu dakika mpaka kivimbe. Wengi tulikuwa tunakiweka mlangoni tu kinaning'inia. Pia dai kupimwa masikio, OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wanasimamia upimaji wa afya za wafanyakazi chini ya sheria ya mwaka 2003, na pima ukiwa mpya ili kuwe na kumbukumbu ya kuanzia, kwasababu ukija kudai WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, baadaye hicho karatasi ndo kitaongea. Mzee wetu hana hicho karatasi. Alipoanza kazi hakuna aliyempima, na sasa tunamsaidia kufuatilia, amepimwa wiki mbili zilizopita na majibu tunayasubiri.

Bosi amekubali ukuta wa tofali kati ya dramu na sehemu ya kujazia makopo, ambako wapo kina dada sita wanaokaa shifti nzima bila hata kugusa mashine. Tofali zimeshamwagwa getini. Nyumbani mke wangu ananigusa bega nikianza kupaza sauti, nashusha.