Siku Tuliyopanda Tena Paa la Bibi

Paa la tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa la udongo, halitaki mtu mzito. Ndiyo maana kwetu, kijiji kimoja kusini mwa Dodoma, kazi ya juu ilikuwa ya watoto. Wakubwa walichimba na kukanyaga udongo, sisi tukapokea ndoo na kumwaga. Bibi alikuwa na wajukuu 31, na kila mwaka kabla ya mvua za Desemba waliokuwa karibu waliitwa kukandika. Neno lililotawala siku nzima lilikuwa moja: "Kwenye pau! Kanyaga kwenye pau!" Yaani kwenye mti unaobeba paa.

Septemba 2024 nililisikia tena, likitoka kwa mwanamke wa miaka 50 ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka 33.

Kutafutana sisi wajukuu ili tukutane tena kulikuwa na kazi yake. Kila mmoja shuleni aliandikwa jina lake na la baba yake, na ni wachache tu waliobeba jina la babu. Watoto wa mashangazi wana majina ya koo nyingine kabisa. Ukitafuta kwa jina la ukoo unapata wanne na unakwama. Kilichotusaidia ni kuanza na shangazi mkubwa, kwa sababu yeye anakumbuka nani aliolewa wapi. Kwake hakuna majina, kuna "wale wa Manyoni", "wale wa Kilosa", "yule wa Mpwapwa aliyekwenda Dar". Kila aliyepatikana aliombwa namba mbili za wengine. Kwa miezi mitano tukafikia hesabu: wanne wametangulia mbele za haki, 19 wanaweza kuja. Waliotoka Dar es Salaam walipanda treni ya umeme, iliyokuwa imeanza kufika Dodoma Julai mwaka huohuo. Wengine walikuja na basi.

"Mbukwenyi!" ndiyo salamu iliyotupokea uani, kisha shikamoo kwa baba mdogo, mmoja mmoja, foleni ndefu. Watoto wa baba wakubwa na wadogo ni kaka na dada zangu; wa mashangazi ni mabinamu, na utani wao ulianza hata mizigo haijashushwa.

Tembe lenyewe lilijengwa baada ya watu kuhamishwa katika Operesheni Dodoma ya 1971. Baba mdogo ana nyumba ya bati pembeni, na tembe ni ghala lake la mtama. Alitaka tukae humo, na mahali pamoja, kama mita nne kwa tano, paa lilikuwa limebonyea kama godoro. Nguzo moja yenye panda ilikuwa imeliwa na mchwa chini. Kaka yetu mkubwa, fundi ujenzi wa Kilosa, aliingiza mkono juu ya ukuta, akapima kina cha udongo, akasema hatuongezi hata ndoo moja kabla ya kukwangua.

Hapo ndipo matembe mengi yanapokufa. Paa likivuja, mtu anamwaga udongo mpya juu ya wa zamani, mwaka hadi mwaka. Mita moja ya mraba yenye udongo wa sentimita 15 ina kilo zisizopungua 200, tena ukiwa mkavu. Hapa kina kilikuwa sentimita 25. Eneo lile dogo lilibeba kama tani nane, na mvua ikinyesha udongo unakunywa maji na uzito unapanda. Watu wanalaumu mchwa, lakini mchwa hula nguzo taratibu. Uzito ndio unaoivunja usiku mmoja.

Ijumaa jioni tulilaza udongo kwenye maji. Ulitoka kwenye kichuguu, kwa sababu unanata kuliko wa shambani. Ndoo 100 za lita 20, na maji mapipa matatu na nusu yaliyoletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, maana Septemba kisima kiko mbali. Udongo usiolala usiku kucha unabaki na mabonge makavu ndani, na kila bonge ni ufa wa kesho.

Jumamosi asubuhi tukapanda kukwangua. Chepe lilipozama, tabaka zilijionyesha. Chini kabisa zilikuwa nyembamba, ngumu, zenye nyuzi za samadi zilizoshikana. Hizo ilibidi tuzivunje kwa jembe. Juu yake kulikuwa na shubiri nzima ya udongo mtupu, unaovunjikavunjika mkononi. Nilimwonyesha baba mdogo. Aliuchukua, akauponda kwa vidole.

"Haya ya juu ni yangu peke yangu," alisema. "Ng'ombe walikuwa wamekwisha. Na nyie hamkuwepo."

Hakuna aliyemjibu. Tuliendelea kukwangua, na kwa muda mrefu kilichosikika ni machepe tu.

Nguzo iliyooza haing'olewi mpaka mzigo uwe umeshikwa. Tulisimamisha tegemeo mbili, moja kila upande, tukazikaza kwa kabari, ndipo ya zamani ikatolewa. Mpya iliunguzwa mwisho wake mpaka ikawa nyeusi, ikaingia shimo la sentimita 60, majivu yakamwagwa kuizunguka kuchelewesha mchwa. Mapau matatu yalibadilishwa. Juu yake fito, juu ya fito matawi membamba na majani makavu. Majani yakiwa machache udongo unachuruzika ndani, na ghala lote linajaa vumbi.

Mwinamo tuliupima kwa chupa ya maji iliyolazwa juu ya ubao: kila mita inashuka sentimita tatu kuelekea nje. Ukipunguza, maji yanasimama. Ukizidisha, mvua ya kwanza inachimba mifereji. Dada wa Manyoni ndiye aliyesimama pembeni akituelekeza miguu, kwa sababu sasa tuna kilo 70 na 80, na pau likikosewa mguu unatokea chumbani. "Kwenye pau!" Sikuhitaji kugeuka kujua ni nani. Mstari wa ndoo ulijipanga bila kupangwa: walioshika mwisho wa mstari utotoni walisimama mwisho, na binamu aliyekuwa akipokezana nami ndoo alikuwa tena kushoto kwangu.

Tabaka lilikuwa sentimita kumi, likashindiliwa kwa viganja na ubao. Tulimaliza jua likizama, na ni vizuri, kwani jua la mchana likipiga udongo mbichi unapasuka kabla haujashikana. Jumapili jioni nyufa zikasiribwa kwa uji wa udongo laini na samadi ya jirani, kwa vipimo sawa. Ugali wa uwele na mlenda wa karanga tulikula humohumo ndani, sita kwa kila sinia.

Desemba baba mdogo alituma ujumbe wa sauti, mvua ikisikika nyuma. Panavuja mahali pamoja, alisema, penye kiungo cha udongo mpya na wa zamani. Tulisahau kulowesha ukingo wa zamani kabla ya kuunganisha, na pakavu hapashiki mbichi. Fundi wa Kilosa alijibu kwamba atakuja Januari, mvua ikipumzika wiki moja. Dada wa Manyoni akaandika chini yake: "Nami. Nani analeta samadi?"