Chumba cha Tobia

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimekwama kwenye Nehemia 13, na sijaweza kusonga mbele. Sura ya 6 tunaipenda, ukuta wa Yerusalemu ukikamilika kwa siku 52, na siku za changizo haikosi kusomwa. Sura ya 10 watu wakatia muhuri kwamba hawataiacha nyumba ya Mungu wao. Kisha Nehemia akaenda kwa mfalme. Kurudi, anakuta Tobia, adui yule yule aliyepinga ujenzi wa ukuta, amepewa chumba ndani ya nyua za Mungu, na Walawi, watumishi wa hekalu, wamekimbilia kila mtu shambani kwake kwa kuwa sehemu zao hazikutolewa. Aliyemfungulia Tobia ni Eliashibu, kuhani yule yule aliyewekwa juu ya vyumba!

Sura hii inanikumbusha mama mmoja wa kaskazini ya mbali, Nellie Cournoyea. Alizaliwa Aklavik mwaka 1940, karibu na mahali Mto Mackenzie unapoingia baharini, katika Maeneo ya Kaskazini-Magharibi ya Kanada. Ni wa watu waitwao Inuvialuit. Alifanya kazi redioni Inuvik kabla ya siasa, na mwaka 1979 akachaguliwa kuwa mbunge. Bunge la huko halina vyama. Wabunge wenyewe hupiga kura ya siri kumpata waziri kiongozi, na mwaka 1991 wenzake, wakiwa 24 bungeni, walimchagua yeye. Alikuwa mwanamke wa kwanza mzawa wa asili kuongoza serikali ya jimbo au eneo lolote Kanada.

Lakini cheo hicho sicho kilichonishika. Tarehe 5 Juni 1984 watu wake walitia sahihi mkataba wa ardhi na Serikali ya Kanada, baada ya miaka mingi ya majadiliano ambayo naye aliyashiriki. Walipata takriban kilomita za mraba 91,000, na kwa kama 13,000 kati ya hizo wakapata na haki ya kilicho chini ya udongo. Angalieni sasa mkataba ulivyowekewa walinzi. Mradi wowote unaoweza kuharibu mazingira ya nchi ile hupitia kwanza kwa kamati ya wajumbe 7: watatu wa Inuvialuit, watatu wa Serikali, na mwenyekiti anayeteuliwa na Serikali kwa ridhaa ya wenyeji. Fedha za maendeleo ya jamii, dola milioni 7.5, zilitengwa mbali na zile milioni 10 za uchumi, zisije zikamezana. Na alipomaliza uwaziri kiongozi mwaka 1995, mama yule hakwenda kupumzika. Mwaka 1996 akawa mwenyekiti wa shirika linaloushika mkataba huo, akakaa hadi 2016. Miaka minne ya cheo kikubwa, miaka ishirini ya kulinda karatasi.

Sasa tujisemee sisi, tena niseme bila kupaka mafuta. Kadi za ahadi tunajaza kwa shangwe, vigelegele vinapigwa, mchungaji anaomba. Baada ya miezi mitatu kadi ziko kwenye bahasha kabatini kwa mtu mmoja, naye amehama mtaa. Kiwanja cha kanisa kimenunuliwa kwa maandishi ya daftari, bila mchoro wala hati, na mashahidi wawili wamekwisha kufariki. Fedha za yatima na za mabati ziko akaunti moja, na mabati ndiyo yanayoonekana. Muhtasari unasema "kamati itafuatilia". Kamati nani? Lini? Wapendwa, hapo ndipo Tobia anapopata chumba. Haingii kwa kuvunja mlango. Anakaribishwa na ndugu, polepole, kwa kuwa hakuna aliyepewa ufunguo kwa jina lake.

Nehemia alivitupa nje vyombo vya Tobia vyote, akaamuru vyumba visafishwe. Hiyo ya hasira tunaikumbuka. Mstari wa 13 tunauruka: akaweka watunza hazina, Shelemia kuhani, Sadoki mwandishi, Pedaya Mlawi, na Hanani wa kuwasaidia. Kuhani, mwandishi na Mlawi pamoja, na kazi yao imetajwa, kuwagawia ndugu zao.

Jumapili hii kamati zikikutana baada ya ibada, njooni na daftari la ahadi za mwaka jana, na mje na majina manne.