Nilivyopata Mustang yangu hapa Dodoma baada ya kupuuza ushauri wa kijiweni

Kabla hamjaanza: ndiyo, ni ya silinda nne. Najua. Nimeambiwa kijiweni Makole, nimeambiwa msibani, nimeambiwa na mtu ambaye yeye mwenyewe anaendesha IST tena ya kuazima, kwamba Mustang bila V8, yaani injini ya silinda nane, sio Mustang. Haya, sawa, ila mimi ndo ninayo na nyie mna maoni.

Naandika kwa sababu nikisimama sheli lazima atokee mtu aulize achukue ipi, na nikikumbuka ushauri niliopewa mimi kipindi natafuta, hasira zinarudi upya. Watu wanaongelea Mustang ya Ford utadhani ni gari moja. Hiyo kitu imeanza kuuzwa Aprili 1964 na sasa hivi ipo kizazi cha saba, na kila kizazi kina ugonjwa wake, sasa mtu akikwambia tu "chukua Mustang utafurahi" huyo hajakusaidia chochote.

Ushauri wa kwanza nilioupata ulikuwa chukua ya kizamani kabisa, zile za miaka ya sitini, eti hazina kompyuta, fundi yeyote wa chini ya mti anaimaliza. Nikapelekwa kwa mzee mmoja ana ya 1967 anaikodisha kwenye maharusi. Aisee kwa nje ilikuwa inang'aa, mpaka nikasahau kumsalimia mzee vizuri. Sasa mimi nilishasoma kwamba zile za mwanzo zina tundu za hewa pale chini ya kioo cha mbele, maji ya mvua yanaingia humo, chuma kinaliwa kwa ndani taratibu, halafu maji yanaanza kudondokea miguuni. Nikaomba kunyanyua kapeti upande wa abiria. Nikaiona ardhi. Yaani ardhi kabisa, na kokoto moja nyeupe na kizibo cha soda. Mzee hakubisha, akasema anaijua hiyo, ndo maana mvua ikinyesha haitoi nje. Nikamwambia shikamoo kwa mara ya pili nikaondoka. Kutengeneza kabureta sio shida, shida ni bodi, na fundi wa bodi wa kuunda upya sakafu yote ya gari ya Mmarekani atakunyonya mpaka usahau ulitaka nini.

Zile za 1974 mpaka 1978 sizungumzii, zilijengwa juu ya msingi wa Ford Pinto na ule mwaka wa kwanza hata V8 haikuwepo, kwa hiyo wale wa "bila V8 sio Mustang" wajibu hilo kwanza. Za 1979 mpaka 1993 ni nyepesi na zile zenye V8 ya 5.0 (hiyo namba ni ukubwa wa injini kwa lita) zinasifiwa sana, ila huku sijawahi kuiona hata moja. Za 1994 mpaka 2004 niliitiwa moja Dar, bei ya kutupa, 4.6 ya mwaka 1998. Hizo za kati ya 1996 na 2001 manifoldi yake ya juu, ile ya kuingiza hewa kwenye injini, ni ya plastiki na maji ya kupoza injini yanapita humo humo mbele, na plastiki ikichoka inapasuka. Sasa wewe piga picha uko Chalinze saa nane mchana jua la kuchoma ngozi, foleni ya malori, halafu mvuke unatoka kwenye boneti. Ile niliyoitiwa ilishapakwa gundi hapo hapo pa mbele, gundi ya kijivu, na mwenye gari anasema ilikuja hivyo kutoka kiwandani.

Utamu ulianza kwenye za 2005 mpaka 2014. Hizi ndo zile umbo limerudishwa la kizamani na kusema ukweli ndo nilizozipenda sura. Dalali akanitumia picha, nyeusi, ya 2012, nyuma imeandikwa GT kubwa, yaani ile yenye V8, eksosi mbili. Nikapanda SGR, elfu thelathini na moja tu, asubuhi uko Dodoma na kabla ya adhuhuri uko Dar unakula chapati. (Hii treni imetuokoa sana wanunuzi wa magari wa mikoani, zamani madalali walikuwa wanajua umelala njiani na umechoka, huwezi kurudi mikono mitupu.)

Sasa sikilizeni hapa. Mwaka 2011 Ford waliweka V8 mpya ya 5.0 yenye farasi 412, na wakati huo huo wakaweka V6 ya 3.7 yenye farasi 305 na hiyo V6 nayo wakaipa eksosi mbili. Kwa hiyo ukisimama nyuma, ukiongeza na beji ya kununua, huwezi kujua. Lakini namba ya chasisi haidanganyi. Ukiihesabu kutoka kushoto, herufi ya nane ndo injini: kwa miaka hiyo F ni V8 ya 5.0, M ni V6. Nikamwambia dalali naomba nione namba pale chini ya kioo upande wa dereva. Akasema kuna vumbi hapaonekani. Nikalamba kidole nikafuta kioo. Nikahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, huku yeye anaangalia kama mtoto anayesubiri sindano. Ya nane: M.

Nikamuuliza, kaka, hii M ni ya nini?

Akajibu bila kupepesa, "M ni ya Mustang, boss."

Nilicheka mpaka mlinzi wa yadi akaja. Bei alikuwa anataka ya V8, tena ya V8 safi. Na sio kwamba V6 ni mbaya, farasi 305 unazipeleka wapi na matuta haya, ila uniuzie kwa jina lake.

Kulikuwa na nyingine ya 2006, hiyo V8 kweli, 4.6 ya valvu tatu. Mwenye nayo mstaarabu, akaniambia nikilipia leo ananibadilishia plagi zote bure kama zawadi. Nikamwambia tafadhali usiziguse kabisa! Plagi za injini hiyo za miaka ya mwanzo zilitengenezwa vipande viwili, zinaganda, ukizifungua hovyo kipande cha chini kinakatikia ndani ya silinda hedi na hapo ndo unaanza kutafuta kifaa maalum cha kuvuta. Alidhani namdharau. Tukaachana vizuri lakini.

Kilichonitoa kabisa kwenye kizazi hicho ni usukani. Zote ni za kushoto. Jamaa mmoja wa hapa Dodoma aliniazima yake nijaribu mpaka Gairo na kurudi nikiwa na shemeji yangu. Kabla ya Kibaigwa unakuta lori la mizigo linapanda polepole, na mimi nimekaa upande wa majani sioni kitu, kwa hiyo shemeji ndo jicho. Anachungulia anasema bado... bado... subiri kuna basi... sasa! Naingia naona basi lingine. Anasema hilo sikuliona. Tuliporudi hakunisemesha mpaka Nzuguni. Kuna watu wanasema unazoea, wazoee wao.

Ndo nikahamia kizazi cha sita, 2015 mpaka 2023, ambacho kwa mara ya kwanza Ford walitengeneza Mustang ya usukani wa kulia kiwandani kwao wenyewe, zikauzwa Uingereza, Australia na Afrika Kusini. Na nyuma wakatoa ule ekseli mmoja mzima wakaweka saspensheni ambayo kila tairi inajitegemea. Kwa anayeendesha lami ya mji mkubwa huenda haimhusu, ila kwa mtu anayetoka lami ya Ihumwa anaingia vumbi la kwenda kiwanjani kwake, hiyo ndo habari yenyewe.

Nilianza na V8 moja ya Dar, jamaa anaapa taa ya cheki injini haijawahi kuwaka tangu aishushe bandarini. Mimi nina kidude cha OBD, cha kusoma kompyuta ya gari, kile cha blututhi cha elfu thelathini na kitu, unachomeka chini ya usukani unasoma kwenye simu. Wengi wakichomeka wanaangalia namba za ubovu tu, wakiona sifuri wanafurahi. Nyie angalieni sehemu moja imejificha, inaonyesha gari imetembea kilomita ngapi tangu kumbukumbu ya ubovu ifutwe. Gari ya mtu mwaminifu inasoma maelfu. Ya huyu jamaa ilisoma kilomita 3. Nikageuza simu nikamwonyesha sikusema neno. Akasema labda betri ilitolewa. Nikamwambia basi tuizungushe wote, tukazunguka zunguka Mbezi, na kabla hatujarudi taa ikawaka yenyewe. Akazima redio, sijui kwa nini.

Hii niliyonayo niliipata kwa kijana aliyeachiwa na kaka yake, ya 2016, EcoBoost 2.3 turbo, nyekundu, imetoka Uingereza. Farasi zaidi ya mia tatu kutoka silinda nne, acheni utani. Tangazo limeandikwa kilomita elfu 38. Nilipofungua mlango nikaangalia spidomita, namba kubwa ni za maili na za kilomita ni zile ndogo za ndani. Maana yake ile elfu 38 ni maili, yaani kilomita kama elfu 61. Sikusema kitu. Nikamwomba anitumie kwa meseji mwaka, rangi na kilomita, kwa kuwa nataka kumwonyesha mke wangu. Akatuma, "km 38,000". Safi.

Halafu nikamwomba karatasi za Uingereza, zikawa na ile namba ya zamani ya kule. Serikali yao ina tovuti ya bure, unaingiza namba ya gari unaona ukaguzi wake wote, maana kule gari ikifika miaka mitatu inakaguliwa kila mwaka na maili zinaandikwa. Zikapanda vizuri bila kuruka, hakuna mchezo wa kurudisha nyuma, na mkaguzi mmoja aliandika tairi za nyuma zimeisha upande wa ndani. Nikaenda kuchungulia tairi za nyuma kwa tochi, kweli upande wa ndani zimekuwa kipara na kwa nje zinaonekana mpya. Hapo nikakaa na yule kijana kwenye kreti za soda, nikamwonyesha meseji yake, nikamwonyesha maili, nikamwonyesha tairi. Kijana wa watu hata hakuwa anajua. Bei ikashuka milioni kadhaa, ikaja chini ya themanini, na akanilipia kupanga tairi, ile ya kupima kwa mashine. Mambo ya kadi na TRA mnayajua wenyewe.

Nilipofika Dodoma likaja la spea. Gari haina tairi ya spea, kuna chupa ya povu na kipampu. Kijiwe chote kikasema weka rimu ya Toyota Crown, nati tano, inaingia. Fundi akaja na rimu ya Crown. Na ukitazama kwa macho kweli nati zinalingana, zote mbili ni nati tano kwenye duara la milimita 114.3. Ikagoma kukaa. Akazungusha, ikagoma. Akaomba nyundo, nikamnyang'anya. Tundu la katikati la Toyota ni milimita 60.1 na habu ya Mustang ni 70.5, nyundo gani itamaliza hiyo? Akasema tuipeleke kukerezwa, nikamuuliza na hizi stadi, vile vyuma vinavyofungwa nati, za milimita 14 tutafanyaje wakati za Crown ni 12, akaanza kukuna kichwa. Sasa hivi natembea na vile vimpira vya kuziba tubeless na kipampu changu na nimefika Dar na kurudi bila neno. Lile povu liacheni kwenye chupa, likishaingia ndani fundi wa tairi anakutukana.

Matuta unayapanda kwa mshazari, tairi moja moja, wa nyuma apige honi mpaka achoke. Filta ya hewa kwa vumbi letu badilisheni mapema sana kuliko kitabu kinavyosema, mimi ya kwanza niliitoa ikiwa na rangi ya udongo wa Nkuhungu. Mafuta, safarini lita inanipa kama kilomita kumi nikitulia, mjini usiulize. Ufundi mwingi nafanyiwa na jamaa anayeshika Ford Ranger, ana kompyuta yenye FORScan, programu ya kusoma magari ya Ford, na inasoma gari yangu vizuri tu. Hao wa "fundi wa Mustang" kaeni nao mbali, mmoja alitafuta V8 kwenye boneti yangu akaniuliza silinda nyingine ziko wapi.

Wanaoniuliza kuhusu ile nyeusi ya 2012 pale Dar, bado ipo. Bei imepanda, na sasa hivi wameibandika GT na pembeni pia.