Nilivyoiacha asilimia 99 yangu

Nikiwa mwaka wa pili wa uzamili katika idara ya uhandisi wa tiba, niliandika kwenye rasimu ya tasnifu kwamba programu yangu inatambua mapigo ya moyo yenye hitilafu kwa usahihi wa asilimia 99. Nilitumia kanzidata ya MIT-BIH, ambayo wengi wanaoshughulika na ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, huanzia hapo: rekodi 48 za nusu saa nusu saa, zilizotolewa mwaka 1980, kila pigo likiwa limewekewa alama na wataalamu. Mapigo yote ni kama 110,000. Niliyachanganya yote, nikachota asilimia 80 za kufundishia modeli, yaani sehemu ya programu inayojifunza kwa mifano, zilizobaki nikaijaribia.

Siku moja, nikiandika sura ya mbinu, nilirudi kusoma maelezo ya kanzidata yenyewe. Rekodi ni 48 lakini watu ni 47, kwa sababu rekodi 201 na 202 ni za mtu mmoja. Kwa nini waliona ni muhimu kulisema hilo?

Swali hilo halikunitoka kichwani kwa siku mbili. Wimbi la moyo hutofautiana mtu na mtu kama mwandiko, ilhali mapigo ya mtu yuleyule hufanana sana. Kwa kuyachanganya, nilikuwa nimemweka kila mgonjwa pande zote mbili. Modeli ilijifunza kwake, kisha nikaipa mtihani juu yake huyohuyo. Hospitalini itakutana na mtu ambaye haijawahi kumwona.

Nikaanza upya. Niliondoa rekodi 4 za watu waliokuwa na kifaa cha kuongoza mapigo, zikabaki 44, nikazigawa mafungu mawili ya 22, moja la kufundishia na moja la kujaribia, kwa kufuata mgawanyo uliochapishwa mwaka 2004 ambao watafiti wengi huutumia. Hata huo unaiweka 201 upande mmoja na 202 upande wa pili, kwa hiyo 202 niliihamisha. Kisha nikaendesha programu usiku kucha.

Asubuhi, mapigo ya kawaida yalikuwa bado yanatambulika vizuri. Yale yanayoanzia kwenye vyumba vya juu vya moyo kabla ya wakati wake, modeli iliyakosa karibu yote. Niliumia sana, maana hayo ndiyo niliyokuwa nimeyaombea nafasi ya utafiti.

Nilikwenda kwa msimamizi wangu na majedwali yote mawili, la zamani na jipya.

“Profesa, matokeo niliyokuonyesha mwezi uliopita hayafai. Kosa ni langu.”

Aliyatazama kwa muda. “Umeligundua mwenyewe?”

“Ndiyo, Profesa.”

“Basi kaa, unionyeshe.”

Muhtasari tuliokuwa tumeutuma kwenye kongamano tuliuondoa siku hiyohiyo. Yeye ndiye aliyeniuliza swali lililofungua njia: daktari akitazama karatasi ya ECG, huyajuaje mapigo hayo? Mara nyingi umbo lake halina tofauti kubwa na la pigo la kawaida, ila huja mapema. Na mimi nilikuwa nimekata pigo mojamoja, nikatupa muda wa kati ya pigo na pigo! Nikaurudisha: umbali hadi pigo lililotangulia na hadi linalofuata, nikiugawa kwa wastani wa mtu mwenyewe. Modeli ikaanza kuyakamata, ingawa si yote.

Niliacha pia kujivunia usahihi wa jumla. Katika mgawanyo huu wa data karibu mapigo 9 kati ya 10 huhesabiwa katika kundi la kawaida, kwa hiyo hata programu inayojibu “kawaida” kila mara ingepata karibu asilimia 90. Niliripoti kila aina peke yake: mangapi yamekamatwa, mangapi yamesingiziwa.

Tasnifu ilichukua miezi minne zaidi ya nilivyopanga. Majedwali yote mawili yamo, yamepangwa ukurasa mmoja, na siku ya kuitetea mtahini wa nje alitumia karibu muda wake wote kwenye ukurasa huo.