Taa Iangalie Kadi, Isiniangalie Mimi

Stoo ya marehemu baba ina urefu wa mita 11 na sentimita 60. Niliipima mara tatu kwa futi kamba, mpwa wangu ameshika ncha moja ukutani na mimi nyingine mlangoni, maana sikuamini. Baba aliijenga nyuma ya nyumba yetu hapa Mikindani, Mtwara, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, awekee korosho kabla hazijapelekwa ghala la chama cha ushirika, na mpaka leo ukiifungua wakati wa masika harufu ya magunia inakupokea mlangoni. Ina mlango mmoja upande wa nyumba na kidirisha kimoja ukuta wa mwisho, basi. Mimi nilikuwa natafuta mita 10 zilizonyooka za kuchezea mchezo wa shabaha.

Mchezo wenyewe ni bastola ya upepo ya mita 10, ule wa Olimpiki. Niliujifunza India nilipokuwa masomoni, na niliporudi Mtwara kufundisha fizikia niliukosa kama mtu wa pwani anavyoikosa bahari akiwa bara. Unasimama, unanyoosha mkono mmoja, unalenga kadi ya sentimita 17 kwa 17. Doa jeusi la katikati lina kipenyo cha milimita 59.5. Duara la kumi, lile la katikati lenye alama kumi, ni milimita 11.5 tu: vua kitufe cha shati lako ukiweke mezani, ndilo hilo. Kwenye mashindano unafyatua mara 60.

Kabla ya futi kamba kulikuwa na makaratasi. Bastola hii inasukumwa na hewa iliyobanwa, haina baruti, lakini hiyo si sababu ya kuiingiza nyumbani kimya kimya. Nilianzia kituo cha polisi, nikafuata taratibu za kibali mpaka mwisho, kisha nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa majirani, nyumba kwa nyumba, nikawaeleza watakachosikia. Mlio wake ni kama mtu anayepiga kofi moja. Mama mmoja jirani aliniuliza kama kuku wake wako salama. Nikamkaribisha ndani, nikamwonyesha kuta. Ilichukua miezi mingi na sijutii hata siku moja.

Kuna wenzangu walinishauri nitumie kolido ya nyumba, kwa kuwa nyumba zetu nyingi ukipima kutoka baraza hadi uani unazipata hizo mita 10. Nawaomba msithubutu. Kolido ina milango ya vyumba kushoto na kulia, na mtoto anayetoka chumbani mbio hapigi hodi. Stoo yangu ilinifaa kwa sababu ya ule mlango mmoja: uko nyuma ya mgongo wangu, ninauweka komeo kwa ndani, na nje ninatundika kitambaa chekundu. Hakuna njia ya kiumbe chochote kujitokeza kati yangu na kadi. Kidirisha cha mwisho nilikiziba kwa matofali.

Kisanduku cha kunasia vidonge (hivi virisasi vya milimita 4.5 mimi naviita vidonge) alikitengeneza fundi wa kuchomelea wa mjini. Cha kwanza kilikuwa na bamba lililosimama wima. Kidonge cha pili tu kilirudi kikiwa kimebapa kama dengu, kikateleza sakafuni mpaka miguuni pangu, mita 10 nzima. Tangu siku hiyo siingii mle bila miwani ya kukinga macho, na mpwa wangu vilevile hata kama amekaa nyuma. Tulilivunja, tukaliinamisha bamba kwa nyuzi 45 ili kidonge kikigonga kielekee chini, kwenye trei yenye matambara. Nyuma na pembeni nimening'iniza mazulia makuukuu mawili mawili yasiyokazwa, kwa sababu zulia linalocheza hunasa vizuri na jiwe la matumbawe halitabiriki. Vidonge ni vya madini ya risasi laini. Zile goroli za chuma sizitaki kabisa, zinadunda.

Kimo cha katikati ya kadi ni mita 1.4 kutoka usawa wa sakafu unayosimamia. Hapa ukipima kutoka sakafu ya chini ya kadi unaweza kukosea, maana sakafu ya baba ina mteremko wa kutolea maji. Nilichukua mpira mwembamba unaoonyesha, ule wa mafundi ujenzi, nikaujaza maji, tukasawazisha kutoka mstari wa kusimamia hadi ukuta wa mwisho. Sakafu ilikuwa imeshuka sentimita 7. Yaani kadi ingekaa chini kwa sentimita 7 na mimi ningeuzoesha mkono kimo kisicho chake.

Ukiacha makaratasi, haya yote yalinichukua siku nne. Mwanga ulinichukua miezi mitatu.

Nilianza na globu iliyokuwepo tangu enzi za baba, moja, katikati ya dari. Kadi niliiona, doa niliona, na bado vidonge vilitawanyika kama mtama uliomwagwa. Nikasema ni mkono, nimekaa miaka sita bila kushika bastola. Nikafanya mazoezi ya bega wiki mbili, asubuhi na jioni, nikinyanyua chupa ya maji ya lita moja na kuishikilia. Hakikubadilika kitu.

Jioni moja, saa kumi na moja hivi, jua likawa linapenya kwenye matundu ya misumari ya bati upande wangu wa kushoto. Kundi lote la vidonge likahamia kushoto mwa doa. Kesho yake asubuhi likarudi katikati. Mkono wa mtu hauhami na jua, nikaiweka bastola chini nikaanza kufikiri.

Bastola ina vilengeo viwili vya chuma juu yake: cha mbele ni kijiti, cha nyuma kina ufa, na unalenga kwa kukiweka kijiti katikati ya ufa. Umbali kati yao kwenye bastola yangu ni kama sentimita 32. Kilengeo cha mbele kikipotoka milimita moja tu ndani ya ufa wa kile cha nyuma, kwenye kadi iliyo mita 10 kidonge kinapotoka milimita 31, na hapo umetoka kumi ukaangukia saba. Sasa jua la kushoto lilikuwa linang'arisha ukingo wa kushoto wa kilengeo cha mbele. Ukingo uking'aa, jicho haliuhesabu. Linaona kipande cheusi kilichobaki na kukiweka katikati. Mimi nilikuwa naona nimelenga sawasawa, kumbe chuma chenyewe kimesogea kushoto. Niliziba matundu yote ya bati kwa lami, nikakipaka kilengeo moshi wa kibatari kisimetemete. Tangu hapo mwanga wa mle ndani ukawa ninaoutengeneza mimi peke yangu.

Nikanunua taa kubwa ya LED ya wati 50, ile ya kuwekwa getini, nikaimulika kadi. Mpwa wangu alifurahi: "Mjomba, inaonekana mpaka karatasi ilivyo na nyuzinyuzi!" Kweli ilionekana. Lakini mimi nilikuwa nimesimama gizani, kadi nyeupe inaniwakia kama mlango wa tanuri, na kufika mpigo wa 20 nilikuwa nikifumba macho naliona doa likielea, la kijani. Anayelenga haangalii kadi. Anaangalia ncha ya kilengeo cha mbele, iwe kali kama wembe, na doa liwe na ukungu kidogo nyuma yake. Ukiwa gizani mboni inapanuka, na mboni iliyopanuka haiwezi kukupa vitu viwili vilivyo mbali mbali vyote vikiwa safi. Kwa hiyo mwanga unahitajika pia pale unaposimama.

Kanuni za shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ISSF, zinataka laksi (kipimo cha mwanga unaoangukia kitu) zisizopungua 1,500 kwenye kadi ya mita 10, na zisizopungua 300 kwenye ukumbi kwa jumla. Kuna watu wananiambia mbona yule Mturuki, Yusuf Dikeç, alipata medali ya fedha Paris 2024 mkono mfukoni na miwani yake ya kawaida, bila vikorombwezo. Ni kweli, na namheshimu sana. Lakini alisimama kwenye ukumbi ambao mwanga wake ulipimwa kabla hajaingia. Stoo ya korosho haijapimwa na mtu.

Nikapakua programu ya kupimia mwanga kwenye simu. Si kipimo cha maabara, ila inatosha kulinganisha. Globu ya baba: laksi 90 kwenye kadi. Nikatafuta taa mbili za LED za wati 9, nikazifunga kushoto na kulia mbele ya kadi, kila moja mita 1.2 kutoka kwenye karatasi na imeinama nyuzi 45. Laksi 410. Darasani nawafundisha vijana kwamba ukipunguza umbali wa taa kwa nusu, mwanga unaongezeka mara nne. Nikazisogeza hadi sentimita 60. Mpwa akasoma kwa sauti: "Elfu moja mia sita na ishirini." Nikamwambia asome tena. Akasoma tena.

Ni lazima ziwe mbili. Taa moja ya pembeni inaacha upande mmoja wa kadi na mwanga karibu mara mbili ya mwingine, na doa linaonekana limevimba upande wa kivuli. Zikiwa mbili za aina moja, tofauti ya kona na kona ilikuwa laksi 80 tu.

Nilirudi kwa fundi nikamwomba anikatie vipande vya bati nene nivikunje kama kofia, nizivishe taa kwa upande wangu.

"Mwalimu, taa unaivalisha kofia ya nini, si utapunguza mwanga?"

"Nataka iangalie kadi, isiniangalie mimi."

Alicheka, akakata. Kofia hizo zina kazi mbili: jicho langu haliioni globu hata kidogo, na kidonge kikipotea hakiivunji.

Kwa upande wangu niliweka taa moja nyuma ya kichwa, juu, imeelekezwa kwenye ukuta niliopaka chokaa ili mwanga urudi umetulia. Hapo napata laksi 340. Ukuta wa nyuma ya kadi sikuupaka chokaa, niliuacha na rangi ya saruji, kwa sababu weupe mkali kuzunguka kadi ulinirudishia lile doa la kijani.

Ukienda dukani angalia mambo mawili. Kwanza rangi: taa zenye ubluu, zilizoandikwa 6500K, zilinichosha macho, na za njano zilifanya kadi ionekane chafu. Nimetulia na 4000K, zilizo katikati ya hizo. La pili ni kumemeta. Mwombe muuzaji aiwashe, kisha pitisha kalamu haraka haraka mbele yake. Ukiona kalamu moja iliyofifia, inunue. Ukiona kalamu tano sita zimepangana kama vidole, irudishe. Jicho lako litakuwa linapigana nayo mipigo yote 60. Nilikataa taa nne kabla ya kupata zangu, na mwenye duka alinivumilia.

Umeme ulikatika usiku mmoja nikiwa mpigo wa 34, mkono umenyooka. Giza lilikuwa la kaburi. Nilishusha bastola mezani kwa kupapasa, mdomo wake ukielekea kadi, nikasimama bila kusogea mpaka mpwa akawasha tochi. Wiki hiyohiyo nikahamishia taa zote tatu kwenye betri ya sola, nikabadilisha globu kuwa za volti 12, za 4000K hizohizo.

Sehemu ya usafi naifanya mimi mwenyewe. Madini ya risasi ni sumu, kwa hiyo sifagii mle kwa ufagio mkavu: nalowesha kitambaa, nakusanya vipande kwenye kopo lenye mfuniko, halafu nanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko kabla sijagusa hata kikombe cha chai. Bastola inalala kwenye kabati la chuma, vidonge kabati lingine, funguo ninazo mimi.

Adui niliyebaki naye ni chumvi. Tuko karibu na maji, na kusi ikivuma kila kitu kinapata utando: bamba, kofia za taa, vioo vya taa. Kila Jumamosi mpwa anapima kabla sijapiga hata kidonge kimoja, anaandika kwenye daftari lake. Jumamosi iliyopita taa ya kushoto ilikuwa imeshusha kadi hadi 1,380. Tukaifuta kwa kitambaa laini chenye maji baridi, tukaikausha, akapima tena. 1,610. Nikavaa miwani, nikamwambia aweke komeo.