Matembezi ya bandarini Alaska: vile mimi na mama tumechagua

Dada yangu anaishi Seattle na ameamua kustaafu kwa mama hakutasherehekewa na mbuzi choma peke yake, ameamua tupande meli ya kitalii twende Alaska sisi watatu, Julai hii. Meli ikalipwa, visa zikatoka, nikadhani kazi imeisha kumbe ndio inaanza, juu kila mji meli inaposimama kuna orodha ndefu ya matembezi ya kushuka na kufanya, na kila moja linauzwa kando, haliko kwa nauli. Helikopta, treni, nyangumi, dubu, mbwa wa kuvuta sleji, kuvua samoni, kupanda kwa kebo, na bei zote ni za dola.

Nimesoma sana hii mambo, na kitu nimegundua ni kwamba karibu kila ushauri ulioko umeandikwa na mtu aliyekulia kwa baridi na hajawahi kuona tembo akivuka barabara. Vitu vinavyomshangaza yeye si lazima vinishangaze mimi, na vitu anavyopita haraka haraka ndivyo mimi nataka nikae navyo. Kwa hivyo hii ni ya mtu wa huku kwetu, hasa kama unasafiri na mzazi mwenye goti bovu.

Tuanze na baridi ndio tuitoe njiani. Watu wanasikia Alaska wanaona theluji mpaka kiunoni. Julai pale Juneau, mmoja wa miji tunayosimama, mchana ni kama nyuzi 17 au 18, usiku inashuka kwa 10 au 11. Sasa angalia Nairobi Julai hiyo hiyo, mchana 21 au 22, asubuhi 11 au 12, ile baridi ya kungoja matatu Kikuyu saa kumi na mbili unajua unatoa moshi mdomoni. Tofauti si kubwa vile. Kinachoumiza huko ni maji na upepo. Mvua inanyesha polepole siku nzima, na ukiwa kwa boti inayokimbia hewa ya baharini inakupata vizuri, na huna mahali pa kuota jua ukaushe suruali. Jinzi ikilowa imekwisha, inabaki na maji na wewe unabaki na baridi. Kwa hivyo pesa ya nguo iende kwa koti lisilopitisha maji, si kwa koti nene.

Jaketi tumetafuta Toi, soko la mitumba Nairobi. Muuzaji anaapa hii ni ya mvua, mami, chukua tu, na kweli kwa mkono zote zinafanana. Nilichofanya ni kufika nyumbani, nikavaa, nikaweka tishu kwa kila mfuko na nyingine mabegani chini ya koti, nikasimama chini ya shawa huku mama amekaa kwa mlango wa bafu anahesabu dakika na kuniambia niinue mikono. Ile ya bluu ilipitisha maji kwa mishono ya bega, tishu ikawa uji. Ile ya kijani iliyofifia, ya bei ya chini kuliko zote, ilitoka kavu kabisa. Ndani utavaa sweta na fulana ya kubana isiyo ya pamba, basi, ukisikia joto unapunguza.

Na usisahau mwanga. Kwetu jua ni saa kumi na mbili kwa saa kumi na mbili mwaka mzima, kule mwezi wa Juni Juneau inapata kama saa 18 za mchana. Mtu anaweza kuchoka bila kujua juu bado kunang'aa. Mama nimemwambia usingizi wa mchana ni lazima.

Sasa matembezi yenyewe. Kabla hujafungua ile orodha ya kuuziwa, angalia kwanza njia ya meli yako, juu kuna vitu tayari umelipia. Yetu inaingia Glacier Bay. Hii ni hifadhi ya taifa, wakati wa kiangazi wanaruhusu meli kubwa mbili tu kwa siku, na hakuna mtu anashuka. Askari wa hifadhi ndio wanapanda kwa meli, wanaeleza kwa kipaza sauti, na meli inakaa mbele ya barafu mpaka vipande vinakatika na kuanguka baharini, wewe uko dekini na chai yako. Miaka 250 hivi iliyopita hilo ghuba lote lilikuwa barafu tupu, leo imerudi nyuma karibu kilomita 100. Sisi watu wa hapa tunaijua hiyo hadithi, tunaona vile barafu ya Mlima Kenya imebaki vipande tu huko juu, ile ya Lewis kila miaka michache picha zake zinatia huzuni. Nataka mama aone barafu kubwa ikiwa bado iko. Na ataiona bila kuongeza hata shilingi.

Ndio maana helikopta nimeikata. Nisemwe vibaya kama watu wanataka. Helikopta ya Juneau inakupeleka juu ya barafu, inatua, mnatembea hapo kidogo, na wanaoenda wanarudi wakisema ni kitu cha maisha. Lakini ni zaidi ya dola 300 kwa mtu mmoja, karibu elfu 40 zetu, sisi watatu ni laki na ushee, kwa kitu ambacho wingu likishuka kidogo kinafutwa asubuhi hiyo hiyo. Pesa unarudishiwa, siku hurudishiwi, na saa hiyo matembezi mengine yameshajaa. Kama ungekuwa na njia ya meli isiyopita karibu na barafu yoyote ningekwambia fikiria. Na kama wewe ni kijana na uko na akiba, enda, nitafurahi kwa niaba yako. Sisi hapana.

Nyangumi ndio walinisumbua akili. Sisi tunao. Kuanzia karibu Julai mpaka Oktoba nyangumi wenye nundu wanapita pwani yetu, unatoka Watamu na boti unawaona wakiruka, na mama aliwaona huko akapiga kelele mpaka nahodha akacheka. So nikajiuliza, nilipie dola kuona mnyama nimeshaona? Nikasoma zaidi, nikabadilisha nia kabisa. Wale wetu wanatoka upande wa Antaktika, wanakuja kwa maji ya joto kujifungua na kutafutana, huku hawali karibu chochote. Wa Alaska wengi wao hukaa Hawaii msimu wa baridi wakifunga vivyo hivyo, halafu kiangazi wanapanda Alaska kula. Kwa hivyo kule unaenda kuwakuta mezani. Kuna wakati wanashirikiana, mmoja anazunguka chini akitoa mapovu, mapovu yanakuwa ukuta, heringi, samaki wadogo, wanajikusanya katikati wameogopa, kisha nyangumi wote wanapanda kwa pamoja midomo wazi. Si kila boti inabahatika kuona hiyo, mtu asikuahidi. Lakini nyangumi anayekula na nyangumi anayelea mtoto ni mambo mawili, na mtu ameona ya kwetu ana sababu kubwa zaidi ya kwenda kuona ya kwao.

Hapo ndipo pesa yetu ya Juneau imeenda, tumechukua ile inayounganisha boti ya nyangumi na Mendenhall. Mendenhall ni barafu iliyo kama kilomita 20 kutoka mjini, gari linafika mpaka karibu, na kuna njia fupi ya lami ya kwenda mahali pa kupiga picha ambayo hata kiti cha magurudumu kinapita, hiyo ni ya mama. Mimi na dada tukipata muda tutatembea mpaka maporomoko ya Nugget, kama kilomita tatu kwenda na kurudi na ni tambarare. Kuna kijito hapo samoni wanapanda na dubu weusi wanakuja kuwafuata, ukibahatika unawaona bure, ndio maana yale matembezi ya dubu ya kupelekwa na ndege inayotua majini tumeyaacha.

Ukichagua boti uliza maswali ya kizee bila aibu. Choo kiko? Kuna mahali pa kukaa ndani penye joto? Ngazi za kushuka ni ngapi, kuna pa kushika? Zile boti ndogo za watu wachache zinapendeza kwa picha lakini nyingine ziko wazi na choo hakuna, safari ya saa tatu na mtu wa miaka 60 na kitu, hapana. Sheria ya huko inataka boti ikae kama mita 90 mbali na nyangumi, kwa hivyo beba darubini, usitegemee simu.

Skagway sikubishana na mtu yeyote, ni treni. Mimi nimekulia karibu na reli, babu yetu upande wa baba alifanya kazi reli, na nilipoona miaka nikakaa chini. Dhahabu ilipatikana Klondike, huko Kanada, Agosti 1896, mwaka ule ule reli ya Uganda inaanza kujengwa Mombasa. Reli yao ya White Pass, inayotoka Skagway, ikaanza 1898 ikamalizika 1900, yetu ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Watu walikuwa wanapasua milima pande mbili za dunia wakati mmoja. Na ya kwao ni nyembamba hata kuliko yetu ya zamani, futi tatu tu, inapanda karibu mita 870 ndani ya kilomita 32, kushoto ukuta wa jiwe na kulia bonde au kinyume chake kutegemea kona. Kabla ya reli wachimbaji walipanda kwa miguu, polisi wa Kanada hawakuruhusu mtu kuvuka bila shehena ya mwaka mzima, karibu tani moja ya chakula na vifaa, na kwa ile njia ya White Pass walikufa farasi kama 3,000. Mama atakaa kwa kiti chake ameangalia dirishani, goti halina kazi. Kwenda juu kaa upande wa kushoto, kule juu viti vinageuzwa na watu wanabadilishana upande.

Hapo kuna kitu cha pasipoti yetu. Safari ya kufika kileleni na kurudi hushuki Kanada, lakini zile ndefu za kwenda Fraser au Carcross unaingia Kanada kamili. Sisi visa ya Kanada tulikuwa nayo tayari, juu meli za bendera ya kigeni zinazotoka Seattle na kurudi Seattle lazima zisimame nchi nyingine, ni sheria ya Marekani ya tangu 1886, ndio maana zinapita Victoria, Kanada. Kwa hivyo Mkenya asidanganywe ati visa ya Marekani peke yake inatosha.

Ketchikan ni ya mama. Mimi nilikuwa nimeweka kitu cha kupanda mtumbwi, akaangalia akasema, "Mami, hiyo ni yako. Mimi nataka kuona wale wachongaji." Mama ni wa Wamunyu huko Ukambani, kwao kila boma lina mtu anachonga, tangu enzi za Mutisya Munge aliyeleta kazi hiyo baada ya vita ya kwanza ya dunia. Pale Saxman, kilomita chache kutoka bandarini, kuna nguzo za totemu za mwerezi mwekundu, nyingine zilichongwa upya miaka ya 1930 mwishoni kufuata za kale zilizokuwa zinaoza vijijini, na kuna karakana ambapo watu wa Tlingit, wenyeji wa asili wa huko, wanachonga. Kila nguzo ni ya ukoo fulani na ina habari yake, kunguru, tai, dubu, haichongwi kiholela. Mama ameshaandika maswali yake kwa daftari, anataka kujua wanatumia tezo gani na mti wanaukausha muda gani. Ketchikan inapata karibu milimita 3,800 za mvua kwa mwaka, Nairobi ni kama 1,000, kwa hivyo ile jaketi ya kijani ndio siku yake.

Hiyo ya Saxman hatujanunua kwa meli, tutachukua teksi, ni karibu na ni rahisi kurudi. Juneau na treni tumenunua kupitia meli ingawa wa nje ni nafuu kidogo, juu boti au gari likichelewa na ni matembezi ya meli, meli inawangoja au inawafikisha bandari inayofuata. Ukijipangia mwenyewe na uchelewe, utaiona ikiondoka. Pia Alaska iko saa moja nyuma ya Seattle, na saa 11 nyuma yetu, simu inaweza kujibadilisha na meli isibadilishe, fuata saa ya meli. Nunua mapema na usome lini mwisho wa kufuta bila kukatwa, nyingi zinakuachia mpaka siku moja au mbili kabla.

Victoria tunafika jioni. Hatujalipia chochote hapo, tutashuka tunyooshe miguu, dada amesema atatununulia chai, kisha turudi ndani kupanga masanduku.