Nilivyounda treni ya magogo ya Ballina kwa vijiti vya bustanini

Nimemaliza jamani, treni yangu ndogo ya mfano. Mabehewa sita ya magogo, kichwa kimoja, na oveni moja ambayo mke wangu hataki kuniona nikiisogelea. Imenichukua karibu mwaka mzima, kwa bajeti ya mtu anayepiga shifti za usiku ghalani na kulipa kodi ya nyumba Ireland, na anayezijua kodi za huku ataelewa nikisema kila yuro ilikuwa na kesi yake.

Mimi ni mtoto wa Tabora. Kwetu treni ya mizigo ndio ilikuwa sinema ya bure, tunakaa juu ya tuta tunahesabu mabehewa na anayekosea hesabu anachekwa mpaka kesho yake. Sasa nimekuja kuishi Athlone, hapa katikati ya Ireland, baridi, mvua, simjui mtu, halafu asubuhi moja natoka kazini kwa mguu nimefika karibu na lile daraja la chuma la reli linalovuka mto Shannon, daraja la tangu 1851, nasikia mngurumo ule mzito wa dizeli ambao unausikia tumboni kabla haujafika masikioni, mara ikatokea treni ya magogo. Imetoka Ballina kule kaunti ya Mayo inashuka Waterford kusini, magogo yanaenda kiwandani kukatwakatwa yawe zile mbao za vipande vilivyogandamizwa. Ilipopita nikabaki na harufu ya mti mbichi, nimesimama pale na kontena langu la chakula kama mtoto wa darasa la pili. Siku hiyo sikulala, nilishinda kwenye simu natafuta nani anauza treni ndogo.

Nina jirani, mzee wa hapahapa, nilipomwambia akacheka akasema umechelewa kuja. Akaanza kunihesabia: treni za biti za sukari, ile mizizi inayotoa sukari, zilizokuwa zinajaa kila msimu wa mavuno zikipeleka kiwanda cha Mallow, treni za mapipa ya bia ya Guinness, zote hizo ziliisha 2006. Mizigo iliyobaki kwenye reli sio mingi. Kuna kontena zinazokwenda na kurudi kati ya Ballina na bandari ya Dublin, nyingine za Waterford, kuna zinki ya mgodi wa Tara pale Navan, na haya magogo. Mzee anasikitika, mimi moyoni nikasema afadhali, kama zingekuwepo zote mfuko wangu ungelia.

Kichwa nilichotaka ni cha aina ya 071, kwa sababu ndicho nilichokiona darajani siku ile. Viko 18, vilitengenezwa na General Motors Marekani, vikaletwa 1976, nguvu za farasi 2,450, na mpaka leo vinavuta mizigo. Kuna ndugu zao wakubwa kwa nguvu, 201, wa Canada, cha kwanza kililetwa na ndege ya Antonov mwaka 1994, yaani kichwa cha treni kimepanda ndege! Lakini 071 ndio ina sura ya kazi, pua kama ya gari la jeshi. Modeli mpya ni kama yuro 200 na ushee, sikuwa nazo, nikapata iliyotumika kwa 120, rangi ya chungwa na nyeusi ya zamani (siku hizi vingi ni kijivu), bafa moja haipo, taa moja imekufa. Muuzaji aliniambia inatembea vizuri. Ilitembea kweli, hatua mbili inasimama, hatua mbili inasimama, kama mlevi anayetafuta funguo. Nilipoipindua nikakuta magurudumu yamezungukwa na nywele na manyoya ya zulia. Kibano, spiriti na pamba za masikio, jioni mbili, ikakaa sawa.

Hapa niwape kitu ambacho kilinichanganya mwanzoni. Hizi modeli ni 1 kwa 76, yaani kitu halisi kimepunguzwa mara 76, na reli yake ina upana wa milimita 16.5. Ukizidisha unapata reli ya milimita 1,254. Reli halisi ya Ireland ni pana, milimita 1,600, kwa hiyo kwa kipimo hicho ilitakiwa iwe 21, na kuna watu wavumilivu wanaojitengenezea reli ya 21 kwa mkono, taruma kwa taruma, nawavulia kofia. Sisi wengine tunaishi na uongo. Nikapiga na hesabu ya kwetu, reli ya Tabora ni mita moja, ina maana ingetakiwa 13. Kwa hiyo reli ya chumbani kwangu sio ya Athlone wala sio ya Tabora, iko kati kwa kati, kama mimi tu.

Mwenye nyumba hataki misumari ukutani. Nikaweka mbao za plaiwudi juu ya kabati mbili za vitabu, upande mmoja mita 2.4, halafu inakata kona upande wa dirisha mita 1.5, basi. Haizunguki, inaenda na kurudi. Hilo halinisumbui, treni ya kweli nayo nikiwa darajani naiona sekunde kadhaa tu.

Sasa magogo. Mabehewa yenyewe hayakuwa shida, nilinunua mabehewa bapa ya kontena yaliyotumika, kila moja sentimita 19, nikayabandika vinguzo vya plastiki pembeni vya kuzuia mzigo. Magogo ndio yalinitoa jasho. Wengi wananunua penseli au vijiti vya meno wanapaka rangi ya kahawia, samahani, hiyo sio treni ya magogo, hiyo ni treni ya vijiti vya meno. Gogo la kwenda kiwandani lina urefu wa kama mita 3, gawa kwa 76 unapata milimita 39. Unene wake nilikadiria kwa macho, likifika kwenye kipimo changu linakuwa milimita 2, mengine 3. Kijiti cha namna hiyo kiko bure kwenye kila uzio wa miti ambao watu wamepogoa, nikawa natembea na mfuko wa plastiki naokota, watu wananiangalia, mimi nasalimia tu.

Behewa la kwanza nikalijaza vijiti vitupu kuanzia chini mpaka juu, nikafunga na uzi, likapendeza mno. Nikaliunga na 071, likafika kwenye kona, likalala ubavu. Nikaliinua, likalala tena. Mzigo ulikuwa mzito kuliko behewa lenyewe, na wote uko juu! Nikasema sawa, nikaongeza washa za chuma chini, likatulia. Nikajaza mabehewa mengine mawili, nikayaweka kwenye boksi, nikaenda zangu kazini wiki tatu nina ovataimu. Kurudi nafungua boksi, kuvu nyeupe imetanda kama sufi, na vijiti vilivyokauka vimesinyaa vyote, nyuzi zimelegea, nilipoinua behewa magogo yote yakamwagika mezani.

Nilikaa nikayaangalia kwa muda mrefu.

Kosa lilikuwa la kijinga, nilitumia mti mbichi. Raundi ya pili nikavikausha kwenye oveni, nyuzi 90, saa moja na nusu, mlango umeachwa wazi kidogo, na hapo ndipo nyumba nzima ikanuka kama tanuru la mkaa na mke wangu akatokea jikoni ananiuliza, baba watoto, leo tunakula nini, matawi? Mwanangu mdogo naye kila akiona trei anasema baba anapika kuni. Lakini ilifanya kazi. Ukikausha kwanza ndio ukate, kijiti hakisinyai tena, na gamba linashika, halibanduki.

Na uzito nikautatua kwa kuiba. Katikati ya kila fungu kuna kipande cha povu jeupe, lile la kufungia TV, nimelikata milimita chache ndogo kuliko fungu lenyewe na kulipaka kahawia. Juu na ubavuni ndio napanga vijiti kamili, kama 45 kwa fungu moja, mafungu manne kwa behewa. Kwenye ncha ambapo unatakiwa uone miduara ya magogo yaliyokatwa, nabandika visahani vya milimita 3 kimoja kimoja kwa gundi nyeupe ya mbao na kibano. Hiyo ndiyo kazi inayomaliza macho. Visahani vikishakauka napitisha msasa laini mara moja, rangi ya mti inafunguka, inakuwa ya maziwa kama gogo lililokatwa jana. Ukiruka huo msasa yanaonekana kama sigara zilizochoka. Behewa moja lilikuwa linanila wikiendi mbili, na vijiti vilipopita elfu moja niliacha kuhesabu, mimi mtoto wa tuta la Tabora.

Jumapili iliyopita ndio nikaunga yote sita. Ikatoka upande wa dirisha taratibu, ikakata kona, hakuna kilichoanguka, ikapita mbele yangu na ile taa yake moja. Nikamwita mzee jirani aje aone. Alivua miwani, akainama mpaka pua ikakaribia mzigo, akakaa kimya kiasi kwamba nikaanza kutabasamu mwenyewe. Halafu akasema magogo ya Mayo hayajanyooka hivi, na yangu yote yamelala sawasawa kama biskuti kwenye pakiti, mashine msituni haipangi hivyo, kila fungu lazima liwe na mawili matatu yaliyokaa upande.

Ana haki. Kesho yake nikaenda darajani nikaitazama ikipita, ni kweli, yamekaa hovyo hovyo. Mabehewa mawili nimeshayafumua, yako mezani, na mfuko wa vijiti vilivyopinda uko nyuma ya mlango. Shida ni oveni.